Sindano ya Kumi na Mbili

"Kumi na moja," alisema Karani.

"Hesabu tena."

Alihesabu tena, kidole kikigusa kila sindano pale ilipochomekwa kwenye mkunjo wa turubai. Kila jioni kabla ya chakula hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyompa jina la Karani, ingawa alikuwa na miaka minane tu na meno mawili ya mbele hayajaota. Baba yake, fundi wa makochi, hakuwa amepoteza hata sindano moja kwa miaka kumi na sita. Jambo hilo alijisifia mpaka mkewe akachoka kumsikiliza.

"Kumi na moja, Baba. Ile kubwa ya upinde haipo."

Fundi aliweka kikombe chini. Hakuwa na haja ya kupekua karakana wala kuinua mazulia. Alijua papo hapo sindano ilipo, na alipojua, alikaa juu ya gunia la singa, manyoya ya kujazia makochi.

Sindano ilikuwa ndani ya kiti cha mfalme.

Kiti chenyewe kilikuwa kimeondoka saa tisa alasiri hiyo, kimefungwa mablanketi, juu ya lori la mkandarasi aliyempa kazi hiyo. Kilirudi ikulu ya zamani, ile ambayo siku hizi watu hukata tiketi kuingia na kushangaa. Kesho, Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi wa baraza ungefunguliwa upya baada ya ukarabati. Mgeni rasmi, mkubwa ambaye hata magari yake yalikuwa na mlio wao wa peke yake, angekalia kiti hicho kwa ajili ya picha. Na mgeni rasmi hakuwa mtu mwepesi. Picha zake zilibandikwa mji mzima, na hata kwenye picha koti lilikuwa likimbana.

"Labda imeangukia njiani," alisema mkewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutoka kazini, mikono yake ikinukia pasi na wanga wa mashati ya watu.

"Haikuanguka. Niliichomeka mwenyewe. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetunga uzi. Nikainuka, niliporudi nikachukua nyingine, nikafunika mahameli juu yake."

"Uliinuka kwenda wapi?"

Fundi hakujibu. Karani alikuwepo asubuhi ile, na alifungua mdomo ajibu yeye, lakini baba yake alimkazia jicho akaufunga.

"Na itamchoma kweli? Si imezama huko ndani?"

"Mke wangu, ile ni ya upinde. Ukiichomeka chini, ncha yake inarudi kutazama juu. Ukipapasa kwa mkono huipati, nimejaza singa vidole vinne. Mtu mwepesi atakaa na kuinuka salama. Lakini mtu mwenye uzito wake..." Hakumaliza. Ilimuuma kwamba kazi nzuri namna ile, ujazo aliouchambua singa kwa singa, ndiyo iliyokuwa ikimfichia kifo chake.

Alimpigia simu mkandarasi. Mkandarasi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikukusikia," alisema. "Na wewe hukunipigia. Ukienda kusema pale, wataandika jina la aliyeshona, hawataandika langu. Unamkumbuka mtunza bustani?"

Simu ilikatwa. Nani asiyemkumbuka mtunza bustani? Alisahau reki kwenye nyasi, ofisa mmoja wa msafara akaikanyaga, mpini ukampiga usoni mbele ya kamera. Wengine wangecheka yakaisha. Yule aliitwa kuhojiwa, neno hujuma likatajwa, akakaa ndani siku kumi na tisa. Aliporudi hakuwa na jeraha la kuonekana, ila alikuwa ameacha kucheka, na hata leo ukimgongea mlango hujibu kwanza, "Sijafanya kitu."

Reki ilikuwa imesahauliwa uani. Hii ni sindano, ndani ya kiti, chini ya makalio ya mkubwa. Nani angeamini kuwa ni bahati mbaya?

"Asubuhi ikulu iko wazi kwa wageni," alisema mke. Alikuwa mwanamke wa kufikiri huku akifanya kazi, na wakati huo alikuwa akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. "Mpaka saa saba na nusu. Tutakata tiketi kama watu. Mwanamume peke yake akizungukazunguka kiti watamshuku. Familia haishukiwi."

"Nitafanyaje mbele ya walinzi?"

"Sijui. Ila tukikaa hapa hatufanyi chochote."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mtu mmoja tu duniani aliingia nyumba ile bila hodi.

"Ikulu?" alisema Mama Mkwe. "Nimeishi mji huu miaka hamsini sijatia mguu mle. Mnataka kwenda bila mimi?"

*

Mama Mkwe alikuwa mkubwa wa mwili na wa sauti, na magoti yake yalikuwa yamegoma tangu mwaka juzi. Akitembea alitangulia kuguna. Hakumchukia mkwe wake, tuseme ukweli. Alimwonea haya tu. Mashoga zake walikuwa na wakwe makarani wa benki na mwalimu mkuu mmoja. Yeye alipoulizwa alijibu, "Yuko kwenye samani," akabadili mazungumzo.

Hakuambiwa kitu. Mtu mwenye sauti kama ile humwambii siri halafu ukamwingiza kwenye nyumba yenye mwangwi.

Asubuhi walisimama kwenye foleni ya lango, wamevaa vizuri kama watu waendao harusini. Fundi alikuwa na koleo dogo kwenye mfuko wa ndani wa koti, na alihisi kama amebeba bunduki. Watu mbele yao walikuwa wakicheka, wakipigana picha, na mtoto wa mtu alikuwa akililia kubebwa. Fundi aliwaonea wivu wote, hata yule mtoto.

"Mikono juu," alisema mlinzi wa lango, kijana mwenye kifaa cha kukagulia vyuma.

Kifaa kililia.

"Nini hicho?"

"Koleo."

"La nini?"

"Mimi ni fundi. Natembea nalo tu, mazoea."

Mlinzi aliligeuzageuza koleo kama mtu aliyeokota panya. Nyuma yao foleni ilinyamaza ili isikie vizuri. "Leo wewe ni mgeni au ni fundi?"

"Mgeni."

"Sema kwa sauti."

"Mgeni," alisema Fundi, na masikio yakamwaka. Mama Mkwe alitazama pembeni, akijifanya hayuko na watu hawa.

Alipewa kipande cha bati chenye namba thelathini na nne, achukulie koleo lake wakati wa kutoka. Ndani ya mlango walivishwa vifuniko vya plastiki juu ya viatu ili wasikwaruze marumaru. Vya Mama Mkwe vilipasuka, akapewa vingine, navyo vikapasuka. Mwishowe mgawaji akamwambia avue viatu aende pekupeku, kwa sauti ambayo watu hutumia kumwambia mtoto. Mama Mkwe aliinama kwa shida, akavua, akavikabidhi.

*

Kulikuwa na mambo ya kuona, yasingekosekana. Milango ilipakwa dhahabu mpaka kwenye bawaba. Taa za vioo zilining'inia kubwa kama vyumba vya kupanga, na Karani alihesabu balbu mpaka mia mbili na sita shingo ikamuuma. Kulikuwa na beseni la kuogea lililochongwa kwenye jiwe moja, na kitanda cha kupanda kwa ngazi. Mwongozaji wao, msichana mwenye fimbo ndefu na sauti iliyokariri, alisema kwamba mfalme wa mwisho hakuwahi kufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe mpaka siku aliyofukuzwa.

Wageni walicheka. Fundi hakusikia. Alikuwa akitazama saa za ukutani, na ikulu ile ilikuwa na saa kila chumba, zote zikienda. Saa tano na dakika hamsini. Saa sita na robo. Kwenye chumba cha vioo alijiona kila upande, mtu mwembamba aliyetoka kijasho chembamba juu ya mdomo, na akajiona kama mwizi. Kila mlinzi aliyemtazama alikuwa ameshajua. Mlinzi aliyepiga chafya alikuwa akiwapa wenzake ishara. Alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya hadharani tangu walipooana.

"Usinishike hivyo," alinong'ona mkewe. "Utafanya watutazame."

"Sioni namna. Koleo wamechukua."

"Utatumia vidole."

"Sindano imezama, nimekwambia. Lazima kwanza mtu akalie ndiyo ichomoze. Na mimi uzito wangu hautoshi."

Mkewe alitaka kusema kitu, akaona mwongozaji amenyamaza akiwatazama. Akatabasamu. Tabasamu lile lilimgharimu kuliko pasi za wiki nzima.

Katika ukumbi wa kulia chakula, meza ilikuwa ya watu sitini, imepangwa sahani kama vile wanasubiriwa bado. Mama Mkwe aliona benchi la wageni ukutani, akaketi kwa kishindo, akamvuta Karani karibu. Wengine walisogea mbele kutazama vijiko.

"Baba yako ana nini leo? Anatoa jasho kama mwenye homa. Na mama yako ananuna."

"Hawajanuna, Bibi. Wanaogopa."

"Wanaogopa nini?"

Karani aliangalia mbele, akaangalia nyuma. Alikuwa amekatazwa kumwambia mtu yeyote, lakini hakuwa na uhakika kama bibi ni mtu yeyote. Alimwinamia sikioni, akamweleza yote: sindano kumi na moja, upinde, ncha inayotazama juu, mgeni rasmi, mtunza bustani wa siku kumi na tisa. Mama Mkwe alisikiliza, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama, uso wake ulizeeka.

"Mtu mzima na akili zake anasahauje sindano kitini?"

"Hakusahau. Ni wewe ulikuja," alisema Karani.

"Mimi?"

"Jana asubuhi. Ulipoingia Baba akaichomeka haraka akainuka kukuamkia. Akakutafutia kiti, akakifuta vumbi. Ukamwambia yule aliyetaka kumwoa Mama siku hizi ana gari mbili. Ulipoondoka Baba akakaa kidogo bila kufanya kitu. Halafu akachukua sindano nyingine."

Mama Mkwe alikumbuka. Alikumbuka mpaka kitambaa ambacho mkwe wake alifutia kiti, kipande cha mahameli jekundu. Hakuwa amesema kwa ubaya. Alikuwa amechoka na jua, na maneno yale yalikuwa mdomoni tu, kama siku zote.

"Amewaambia kuwa ni kwa sababu yangu?"

"Hajasema. Mama alimuuliza, akanyamaza. Mimi nilitaka kusema akanitolea macho."

Bibi alimtazama mkwe wake kule mbele kwenye vijiko. Kisha akamuuliza mjukuu wake, taratibu, "Na huyo mgeni wao, ni mnene kama mimi?"

Karani alimpima kwa macho kwa uaminifu wote wa karani. "Anakukaribia, Bibi."

*

Ukumbi wa baraza ulikuwa wa mwisho. Saa ya hapo ilisema saa saba na dakika kumi. Mafundi wa sauti walikuwa wakivuta nyaya, watu wawili walipanga maua, na wapiga picha watatu walishajipatia nafasi. Kiti kilikuwa juu ya ngazi mbili, chekundu, mikono yake simba wa dhahabu, na mbele yake kamba nene kwenye vigingi vya shaba. Kando ya kiti, hatua moja tu, alisimama mlinzi.

Fundi alikiona kiti chake. Mahameli ilikuwa imelala sawasawa, hakuna mkunjo hata mmoja. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizofanya maishani, na alitamani ashikwe na moto hapo hapo, kiti na yeye.

"Kiti hiki," alisema mwongozaji, "kimetengenezwa upya na mafundi bingwa kutoka nje."

Mkewe alimtupia jicho. Fundi hata hakuumia. Laiti lingekuwa kweli.

"Sogea," mkewe alinong'ona. "Mimi nitajifanya nimezimia. Wewe upite chini ya kamba."

"Yule mlinzi yuko pale pale."

"Sogea, baba Karani, saa inakwenda!"

Alitaka kusogea. Aliiamuru miguu, ikakataa. Mlinzi aligeuza kichwa akamtazama yeye, yeye tu kati ya watu thelathini, na Fundi akahisi haja ndogo inambana kama mtoto. Alijua basi kwamba hataweza. Atatoka humu, atakwenda nyumbani, ataketi mlangoni, atasubiri gari. Aliwaza Karani atamhesabia nani sindano.

"Yesu na Maria, magoti yangu!"

Sauti ilijaza ukumbi. Watu walipisha. Mama Mkwe alikuja katikati yao pekupeku, mkono kiunoni, akiguna kila hatua. Alifika kwenye kamba, akaiondoa kwenye ndoano kama mtu anayefungua geti la nyumbani kwake, akapanda ngazi ya kwanza, akapanda ya pili, akageuka, na akajitupa kitini kwa uzito wake wote.

Kiti kililia. Ukumbi mzima ulivuta pumzi.

"Mama! Mama, inuka!" Mlinzi alirukia mbele. "Hicho si kiti cha kukalia!"

"Kiti si cha kukalia, ni cha kupikia?" Aliinuka kidogo, akakaa tena, safari hii upande wa kulia. Wageni waliangua kicheko. Mpiga picha mmoja aliinua kamera. "Nimezunguka vyumba vyenu vyote bila viatu. Mwacheni mtu mzima apumzike."

"Nasema inuka!"

"Nainuka, mwanangu, usinipigie kelele." Aliinuka nusu. Kisha akakaa mara ya tatu, upande wa kushoto, kwa kishindo kuliko mara zote.

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea. Fundi peke yake ndiye aliyeona uso wake ukibadilika. Mdomo ulifungwa. Macho yalifunguka, yakatangatanga, yakamtafuta, yakampata. Alimtazama hivyo kwa muda mfupi sana.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Nimepumzika. Nipeni mkono."

Aliinuka polepole, kiubavu, mkono mmoja nyuma umekamata gauni kama mwanamke anayepanga nguo yake isimwaibishe. Mlinzi aliinama juu ya kiti. Akapitisha kiganja kwenye mahameli, kushoto, kulia, katikati, akiilainisha, na kila kiganja kilipopita Fundi alikufa kidogo. Mlinzi hakuona kitu. Akarudisha kamba.

*

Walipelekwa ofisini, wote wanne, mbele ya watu.

Msimamizi alikuwa mwanamke mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba watu wa namna hii ndio wanaofanya vitu vizuri vifungwe kufuli. Alisema sehemu nyingine duniani wangekuwa wameshawekwa ndani. Fundi alisimama mikono imeshikana mbele, akiitikia "ndiyo" kwa kila kitu.

"Keti hapo," msimamizi alimwonyesha Mama Mkwe kiti cha chuma.

"Nitasimama."

"Si ulikuwa na magoti? Keti."

"Nimekaa vya kutosha leo, mama."

Msimamizi alimtazama juu ya miwani. Karani naye alikuwa akimtazama bibi yake, kwa nyuma, na aliona kitu kilichomsisimua nywele. Uzi mwekundu, urefu wa kiganja, ulikuwa unaning'inia kwenye gauni la bibi, chini ya nyonga. Karani aliujua uzi ule. Bila kuambiwa na mtu alisogea, akamkumbatia bibi kwa nyuma, akabana uzi kwenye tumbo lake. Bibi alishtuka mwili mzima lakini hakutoa sauti.

"Huyu mtoto ana nini?"

"Anaogopa," alisema mama yake. "Hajazoea ofisi."

Msimamizi alifungua daftari. "Wewe mwanamume. Kazi yako?"

Fundi alitazama ile kalamu. Akisema makochi, wataunganisha. Akidanganya, wataulizia. Alifungua mdomo.

"Usimwandike huyo," Mama Mkwe aliingilia. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, lakini sauti ilikuwa imerudi ile yake. "Aliyekaa ni mimi. Yeye ni mkwe wangu tu, ana kauli gani kwangu? Andika jina langu, andika umri, andika magoti mabovu. Andika na kwamba mlinivua viatu."

Nje honi ililia. Mtu aliingiza kichwa mlangoni akasema watu wa usalama wameshafika, wanataka jengo liwe tupu. Msimamizi alitazama saa, akatazama daftari, akalifunga.

"Watoeni," alisema. "Na nisiwaone tena hapa."

*

Kutoka ofisini mpaka langoni ni kama hatua mia tatu. Mama Mkwe alizitembea zote pekupeku, viatu vyake mkononi mwa binti yake, Karani akiwa nyuma yake kama mkia. Hakuguna hata mara moja, na hilo ndilo lililomwogopesha binti yake.

Langoni yule kijana alimtolea Fundi koleo lake. "Mgeni," alisema akicheka, "karibu tena."

Nyuma ya kibanda cha tiketi palikuwa na uchochoro wa kuwekea mabango ya zamani. Mama Mkwe aliingia humo, akaegemea ukuta kwa mikono miwili, akaacha kujikaza. Mguu ulikuwa ukimtetemeka kuanzia nyongani mpaka kwenye kisigino.

"Ninayo," alisema. "Naona imeingia sana. Itoeni kabla sijaanguka."

Binti yake alipiga magoti, akagusa, akarudisha mkono haraka. Alikuwa analia. "Siwezi, Mama. Imejipinda. Nikiivuta naona nyama inavutika."

"Ukiivuta moja kwa moja itachana," alisema Fundi. "Lazima ifuate upinde wake."

Mkewe aliinuka, akampisha. Kuna mambo ambayo mkwe hamfanyii mama wa mkewe. Fundi hata kikombe hakuwahi kumpokea kwa mkono mmoja.

"Basi ifuatishe," alisema Mama Mkwe, uso ukutani. "Hiyo si ndiyo kazi yako?"

Mkewe alikunjua mtandio, akaushika kama pazia. Karani alisimama mdomoni mwa uchochoro kuangalia watu. Fundi alipiga magoti, akageuza uso pembeni, akafumba macho kabisa. Hakuyahitaji. Mkono uliijua sindano ile kwa miaka kumi na sita. Uligusa tundu la uzi, ukapima ncha imelala wapi, ukaweka koleo. Alizungusha kiwiko taratibu, kama anavyotoa mshono uliokosewa kwenye kitambaa cha bei. Mama Mkwe alipiga ukuta ngumi moja. Ikatoka.

"Nzima?"

"Nzima, Mama."

Mkewe alikandamiza jeraha kwa leso. Karani alikuja mbio, akaiona sindano kiganjani mwa baba yake, na akasema kwa kunong'ona, maana hakuweza kujizuia, "Kumi na mbili." Kisha akakunja uso. "Bibi, hukuacha damu kwenye kiti?"

"Chekundu kile," alisema bibi. "Nani ataona?"

Barabarani magari yalipita na mlio wao wa peke yake, moja, mbili, tano, vioo vyeusi, yakiingia langoni. Walijibana ukutani mpaka yakaisha, ingawa hakuna aliyekuwa akiwatazama. Fundi alikuwa bado amepiga magoti. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na koleo na mwingine ulikuwa na sindano.

"Mara mbili nimekaa nisiipate," alisema Mama Mkwe. Alijaribu kuuweka mguu chini, akauinua. "Ya tatu nimejitupa kama gunia ndiyo ikanifikia. Umekijaza vizuri."

"Ahsante, Mama." Akataka kuinuka, kama ilivyompasa akisemezwa naye.

Mama Mkwe alimwekea mkono begani, akambakiza pale pale.

"Siku nyingine nikiingia kwako," alisema, "usiinuke. Maliza kwanza unachoshona."